Mwerebi wa Aune

Taisto Moilanen alikuwa mtu wa maneno machache tangu ujana wake, na uzee ulipomfikia aliyapunguza hata hayo machache. Pale kijijini Hoikka watu walikuwa wamemzoea. Dukani alionyesha kwa kidole. Akiulizwa habari za mke wake alijibu, "Yupo," kisha akatazama viatu vyake mpaka aliyeuliza akaona haya na kuaga.

Mke wake Aune alikuwepo kweli, ila hakuwa nyumbani. Tangu kiangazi alikuwa amelala katika nyumba ya kutunzia wazee, karibu na kanisa, mapafu yamemchoka, mirija ya hewa imeingizwa puani. Daktari hakuwaficha: theluji ya mwaka ule Aune angeiona ikianguka, lakini hangeiona ikiyeyuka. Taisto alimwendea kila siku na gari lao kuukuu. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, kofia mapajani, na kwa kuwa wote wawili walijua kunyamaza vizuri, saa zilipita bila kuwasumbua.

Kitanda cha pili mle chumbani kilikuwa cha Bertta Kemppainen, mwanamke mwenye macho mabovu na ulimi mzima.

"Aune, huyo mumeo amekuja, au ni koti tu limetundikwa kitini?"

"Amekuja."

"Basi mwambie apumue tujue."

Siku moja, mwanzoni mwa vuli, Aune alimwita kwa kidole. Taisto akasogeza kiti.

"Mzee, kuna kitu nakitaka."

"Sema, mama."

"Nataka kuunusa ule uyoga wa mwerebi. Mara moja tu. Halafu basi, nitakuwa nimemaliza."

Hakuwa na haja ya kueleza ni uyoga upi.

Katika misitu ile ya kaskazini kuna uyoga unaoota juu ya shina la mwerebi mkongwe, mti wenyewe ungali hai. Ni mgumu kama kwato la ng'ombe, una rangi ya majivu, na hukaa palepale miaka na miaka ukiongezeka taratibu. Lakini harufu yake! Ni tamu, kama vile peremende na bizari tamu zimefungiwa ndani ya sanduku moja, na hewa ikitulia mtu huisikia kabla hajauona mti. Watu wa zamani waliweka kipande katikati ya nguo zao. Na vijana wa kiume, kabla manukato ya dukani hayajafika upande ule, walitia kipande mfukoni walipokwenda kutafuta wachumba.

Taisto alipokuwa kijana desturi hiyo ilikuwa imekwisha kufa; aliisikia tu kwa babu yake. Lakini kwa vile hakujua kuzungumza na wasichana, aliona ajaribu kuzungumza kwa njia hiyo. Akaenda kwenye mwerebi wa Hoikka, akakata kipande kidogo, akakitia katika mfuko wa kifuani na kwenda kwenye banda la dansi kando ya ziwa. Wenzake walimcheka mpaka wakashika mbavu.

"Moilanen! Umelala ndani ya kabati la bibi yako?"

Akajibanza ukutani, masikio yamemwiva. Ndipo msichana mmoja mgeni, aliyekuja kwa shangazi yake kuokota beri za kinamasi, akavuka uwanja mzima wa dansi akifuata pua yake, akasimama mbele yake.

"Ni wewe unayenukia hivi?"

Taisto akaitikia kwa kichwa.

"Unanukia kama shuka za marehemu nyanya yangu," msichana akasema. "Na nilimpenda sana nyanya yangu. Haya, tucheze."

Huyo ndiye Aune. Kile kipande kilikaa katika sanduku lake la nguo mpaka kikaishiwa na harufu. Hawakujaliwa mtoto. Walichojaliwa ni nyumba, ng'ombe kwa kipindi fulani, sauna ya kuogea mvuke kando ya maji, na safari moja kila vuli, wao wawili, kwenda kuutembelea mwerebi. Hawakukata tena. Walisimama tu chini yake, wakagonga shina kusikia lilivyo tupu ndani, wakanywa kahawa ya chupa na kula mikate midogo ya viazi na beri nyekundu aliyooka Aune, wakarudi nyumbani.

Kazi ya Taisto ilikuwa kukata miti. Alianza na msumeno wa mkono na farasi wa baba yake, akaendelea na msumeno wa mashine mpaka vidole vyake vikawa vinageuka vyeupe na kufa ganzi kila baridi ilipoingia. Kwa watu wa kazi ile, msitu mzuri ni msitu safi. Mti ulioanguka ukaachwa kuoza ni sawa na mkate uliotupwa chini. Anayeupita bila kuuokota ana walakini. Na lipo jambo moja walilokatazwa kuliko yote, nalo ni kuacha mti uliokwama. Mti ukianguka ukaegemea mwingine, ukabaki unaning'inia hapo juu, hujui utashuka lini. Mkata miti haondoki kabla hajaushusha. Wala hapiti chini yake, hata kama kuzunguka ni kutumbukia kinamasi mpaka magotini. Taisto alikuwa amebeba maiti ya rafiki yake mmoja aliyepita chini ya mti kama huo.

Basi sehemu kubwa ya msitu wa Hoikka ilipofanywa hifadhi na msumeno ukapigwa marufuku, moyo ulimuuma. Alipotembea mle aliona magogo yamelala juu ya magogo, mengine yamevaa kijani, mengine yamekuwa laini hata ungeweza kuyachota kwa kijiko, akageuza uso kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jirani asiyefagia.

Aune alikuwa kinyume chake. Yeye aliyainamia.

"Njoo uone, mzee, nani amehamia hapa."

Alijua kwamba kila gogo lina wapangaji wake, na kwamba wapangaji hubadilika. Gogo likiwa bado gumu huja hawa, gome likibanduka huja wale, na wapo wasiokuja abadani mpaka wenzao wawatangulie kulitafuna na kuwalainishia. Majina yao ya kitabuni hakuyajua, kwa hiyo aliwapa yake. Uyoga wenye tumbo la rangi ya waridi unaoota ubavuni mwa magogo ya mberoshi aliuita Shavu. Ule mwororo unaogeuka mwekundu ukiguswa aliuita Mwari, kwa sababu huona haya. Ule mnene unaotoa matone asubuhi kama mtu anayelia aliuita Mjane. Na ule mweupe unaotandaa chini ya gogo, bila kofia wala mguu, aliuita Maziwa ya Paka.

Majina hayo yalimfurahisha sana Riikka Tolonen. Huyu alikuwa mtafiti wa hifadhi, mwanamke wa makamo, aliyekuja kila vuli kuhesabu uyoga wa magogo, na kila vuli alipanga kijumba chao cha karibu na sauna. Aune alimlisha kama mwanawe. Jioni Riikka alivua buti, akakaa mezani na kusema, "Leo Mwari nimemkuta kwenye gogo jipya," na Aune akauliza, "Na Mjane ameacha kulia?" Taisto aliwasikiliza huku akitumbukiza vipande vya jibini kwenye kahawa yake, kama desturi ya kule. Hakuelewa jinsi watu wazima wanavyoweza kufurahia kuoza namna ile. Lakini alipenda kuwasikia.

Sasa mezani walibaki wawili, yeye na Riikka, na mazungumzo yalikuwa kama moto wa kuni mbichi. Jioni ya siku ile aliyoombwa, Taisto ndiye aliyeanza.

"Riikka, mwanangu."

"Naam, mzee."

"Aune anataka kuunusa uyoga wa mwerebi."

Riikka akaweka kikombe chini polepole.

"Mzee, unajua upo mmoja tu."

"Najua."

"Nimezunguka hifadhi yote. Mierebi mingine ni michanga, au imekufa. Ukikatwa huo, upande huu wote hautabaki na mwingine. Na hata nikitaka kufumba macho, sheria haifumbi."

"Sijasema nitakata."

"Sasa unataka nikwambie nini?"

"Sijui," Taisto akasema. "Ndiyo maana nasema."

Moto ukalialia jikoni. Kisha Taisto akainua kichwa kama aliyeitwa.

"Sanduku la nguo."

"Sanduku gani?"

"La Aune. Kitani hushika ile harufu. Nguo zake zilinukia miaka. Nikifunga kitambaa pale kwenye uyoga, kikakaa siku kadhaa, halafu nikampelekea..."

Riikka akacheka, na kicheko kikamtoa machozi. "Kitambaa hakijakatazwa popote. Nenda kafunge, mzee. Ila usiguse kitu kingine."

Kesho yake Taisto alichukua kitambaa cha kichwa cha Aune, cha kitani, alichokifuma mwenyewe alipokuwa mwari, akaingia msituni. Vuli iliyopita hawakwenda kwenye mwerebi, kwa sababu Aune alikuwa tayari hawezi kupanda kilima. Harufu ilimpokea kwenye mteremko, kabla hajafika. Akasimama akaivuta, akaona haya kwamba yeye anaisikia na aliyeitaka haisikii.

Uyoga ulikuwepo, mkubwa kuliko alivyoukumbuka. Lakini juu yake palikuwa na jambo. Mberoshi mmoja mkavu ulikuwa umeng'oka na kuuangukia mwerebi, na kilele chake kimenasa katikati ya matawi mawili. Ulikuwa umelala hapo kwa mshazari, shina zima limeegemea.

Mti uliokwama.

Taisto akafunga kitambaa, akarudi nyuma, akautazama. Akaondoka. Akafika mteremkoni akageuka akautazama tena. Alijua vizuri mambo yale. Upepo wa vuli ukija, mberoshi ule utateleza, na ukiteleza utalikwangua shina lote na uyoga juu yake. Miaka yote ile ya harufu itakwanguliwa na mti mfu kwa sababu ya mzee mmoja aliyeuona akaupita. Alifikiri amuulize Riikka. Lakini Riikka angesema hapana, ndiyo kazi yake kusema hapana, na kazi hii ya kushusha mti yeye Taisto aliijua kuliko anavyojua sala zake.

Siku iliyofuata alirudi na msumeno wa mkono na kamba. Alifanya kazi ile kwa saa nyingi, akipumzisha magoti, akikata kipande hiki, akivuta kile, akiushusha mberoshi kidogo kidogo kama mtu anayemlaza mlevi kitandani asimwamshe. Ulipotua chini, halikudondoka hata gamba moja la gome la mwerebi. Akafuta msumeno kwa kuvumwani, ule ukoga mkavu unaoota juu ya miamba kila mahali kule, akajisikia kijana. Mwerebi ulisimama peke yake, wazi, safi. Ulipendeza.

Mchana alimweleza Aune, na siku hiyo maneno hayakumpa taabu.

"Kitambaa nimeshafunga. Kinaingia harufu. Na mti nimeusafishia."

"Umesafisha nini?"

"Kulikuwa na mberoshi umekwama juu yake. Nimeushusha. Hata mkwaruzo hamna."

Mirija ikafanya sauti yake ndogo.

"Ulikuwa umekwama tangu lini?"

"Sijui. Mwaka, labda."

"Mzee," Aune akasema taratibu, "ule mti si mtupu ndani? Si tulikuwa tunaugonga?"

Mikono ya Taisto ikatulia juu ya kofia.

"Haya," Aune akasema, akampapasa mkono. "Umefanya vizuri. Labda hamna upepo."

Lakini upepo ulikuwepo. Ulianza usiku uleule kutoka upande wa ziwa, ukaitikisa nyumba, na Taisto alilala chali akiusikiliza kama mtu anayesikiliza hatua za anayemjua. Kulipopambazuka akavaa buti.

Safari hii harufu ilimfikia mbali zaidi, nzito, na hilo pekee lilitosha kumwambia. Mwerebi ulikuwa umevunjika usawa wa kiuno chake. Ndani palikuwa patupu kweli, kahawia kama tumbaku, na ukuta wa mti uliobaki ulikuwa mwembamba, hata akashangaa umewezaje kusimama. Kisha akaona umewezaje. Muda wote ule alidhani mberoshi umeuegemea mwerebi. Kumbe ilikuwa miwili inashikana, mfu na mkongwe, na yeye alikuja na msumeno akaitenganisha.

Kitambaa kilikuwa chini ya shina, kona yake tu inaonekana. Uyoga ulikuwa umebanduka na ukanda mrefu wa gome, umeangukia pembeni, mzima, unanukia kana kwamba hakuna lililotokea.

Taisto alikaa chini. Alikaa mpaka unyevu ukapenya suruali. Kisha akavua koti, akaufunika uyoga, akaubeba kifuani kama mtoto, akaenda moja kwa moja kwenye gari.

Njiani alitafuta la kusema. Alipofika alikuwa na maneno mawili, matatu, akayashika yasimponyoke.

Aune alikuwa amefumba macho. Taisto akafunua koti, akauweka uyoga juu ya mto, karibu na shavu lake, karibu kabisa na pua. Harufu ikajaa chumbani.

"Mungu wangu!" Bertta akainuka kitandani kwake. "Nani amefungua duka la manukato humu? Moilanen, ni wewe? Umepata mchumba?"

Muuguzi aliyekuwa anapita koridoni akachungulia. "Jamani, nini kinanukia vizuri hivi?"

Hapo Aune akafumbua macho, akamwona mumewe, akatabasamu.

"Mzee. Vipi, kitambaa umeniletea?"

Taisto akasimama wima. Uyoga ulikuwa upana wa kidole kutoka puani mwa Aune. Akatazama ile mirija, akatazama midomo mikavu ya mkewe, na akaelewa kwamba Aune hasikii kitu. Huenda kwa wiki nyingi alikuwa hasikii, si kahawa, si sabuni, si chochote, na mwenyewe hakujua, kwa kuwa mle ndani hapakuwa na kitu cha kunusa.

Bertta alikuwa amefungua mdomo kusema neno. Akaufunga.

Taisto akamshika Aune mkono, akauweka juu ya uyoga.

"Nimekuletea wenyewe," akasema.

Vidole vya Aune viliutambua mara moja. Macho yake yakaenda kwa Bertta, yakaenda kwa muuguzi pale mlangoni, yakarudi kwa mumewe, na Taisto akaona jinsi alivyokuwa anaelewa. Kisha Aune akauvuta puani, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka pale mapafu yake yalipomruhusu.

"Aah," akasema. "Uleule."

"Ndiyo."

"Shuka za nyanya yangu."

"Ndiyo, mama."

Akakaa nao hivyo kwa muda. Halafu akauliza, macho bado yamefumbwa, "Na mti?"

"Umesimama."

"Umesimama?"

"Umesimama vizuri. Uyoga ulidondoka wenyewe. Upepo."

Vidole vya Aune vilikuwa vimefika nyuma ya uyoga, kwenye ule ukanda wa gome. Vikaufuata polepole mpaka mwisho, pale penye mbao zilizochanika, vikasimama. Alikuwa ameshika miti maisha yake yote. Vidole vikabaki pale, kisha vikaanza kupapasa, kama mama anavyompapasa mgongoni mtoto aliyevunja chungu.

"Basi vizuri," akasema. "Sikia, mzee. Usinizike nao. Nikishaondoka, urudishe pale pake. Uuweke chini tu, kwenye mizizi. Usije ukapanda, magoti yako mabovu."

"Sawa."

"Sawa," Aune akasema.

Bertta akapenga kamasi. "Nyie watu wa Hoikka," akasema, sauti imemkwaruza, "hata maneno mnayatoa kama mnayanunua."

Riikka alikuwa anamsubiri kwenye ngazi za nyumba. Buti zake zilikuwa na matope ya mteremko ule.

"Nimetoka kule," akasema.

"Ndiyo."

"Nimeona mberoshi. Umekatwa kwa msumeno."

"Ni mimi."

"Kwa nini, mzee? Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa umekwama."

Riikka alikuwa ameishi na watu wa kule miaka ya kutosha kujua kwamba hilo ni jibu, tena ni jibu zima, na kwamba hata akimtikisa mzee yule mpaka kesho hatatoa jingine. Akageuka akatazama ziwa. Mabega yakamtetemeka, na Taisto hakujua kama ni hasira au ni kilio, akaona yote mawili ni haki yake.

"Itabidi niandike," Riikka akasema mwishowe. "Kwamba ulikata. Na kwamba upepo ulikuja. Vyote viwili."

"Andika."

"Watakuita."

"Nitakwenda."

"Na Aune? Anajua?"

"Nimemwambia umesimama."

Riikka akajifuta uso kwa mkono wa sweta. "Aune simwandikii ripoti," akasema, akaingia ndani kuwasha moto.

Riikka alikwenda kumwona Aune kesho yake. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamsimulia habari za magogo: Shavu ameota safu nzima, Mjane analia kuliko mwaka jana. Aune alisikiliza mkono wake ukiwa juu ya uyoga. Juu ya mwerebi hakuuliza, na Riikka hakusema.

Aune alifariki mchana, siku theluji ya kwanza ilipoanguka. Taisto alikuwa amekwenda koridoni kuchukua kahawa. Aliporudi, Bertta, yule asiyeona, ndiye aliyemwambia.

"Moilanen," akasema kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake. "Weka vikombe chini."

Wakamzika. Watu wakanywa kahawa katika ukumbi wa kanisa, wakamshika Taisto mkono, na yeye akatazama viatu vyake. Wale waliouliza habari zake aliwajibu, "Nipo."

Siku chache baada ya hapo alimgongea Riikka, uyoga ameuviringisha katika taulo la sauna. Riikka akavaa buti. Walitembea, theluji nyembamba ikilia chini ya buti. Kwenye mteremko harufu haikuwapokea. Ilikuwa kwenye taulo tu.

Taisto alisimama mbele ya kisiki. Aliyemwahidi aliamini mti umesimama, au alijifanya kuamini ili yeye apate pa kusimama. Na yeye alijua, tangu vile vidole viliposimama kwenye zile mbao, kwamba ni hili la pili. Lakini ahadi ilikuwa ileile.

"Nikiuweka hapa," akauliza, "utashika tena?"

"Hapana, mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo." Riikka akachuchumaa, akafuta theluji juu ya shina lililolala. "Lakini hili gogo watalijia wengine. Si yeye, wengine. Wapo wanaopenda mierebi mikubwa iliyoanguka, na hapa sijawahi kuwaona, kwa sababu mwerebi mkubwa ulioanguka haukuwahi kuachwa ulale. Mwaka kesho, au unaofuata. Watakuja."

Taisto akaufikiri huo mwaka kesho.

"Nani atawapa majina?" akauliza.

Riikka akaendelea kufuta theluji juu ya gogo.

Taisto akapiga magoti, moja kisha jingine, akauweka uyoga kwenye mizizi, tumbo chini, kama ulivyokuwa ukikaa. Kona ya kitambaa ilikuwa inaonekana bado chini ya shina, imeganda.

"Nikuvutie?" Riikka akauliza. "Tukichimba kidogo kitatoka."

"Kiache."

Walirudi kwa njia ya chini, kufuata kijito. Mahali fulani msonobari ulikuwa umeanguka katika dhoruba ileile na kukwama juu ya mwenzake, umepita juu ya njia kwa mshazari, theluji imelala mgongoni mwake. Mikono ya Taisto ikapapasa ubavuni, pale msumeno ungekuwa. Hapakuwa na kitu. Riikka, kama alivyofundishwa na Taisto mwenyewe miaka iliyopita, akaacha njia na kuzunguka mbali kupitia kinamasi.

"Huku, mzee!" akaita kutoka upande wa pili.

Taisto akautazama ule mti kwa muda. Kisha akavua kofia, akainamisha kichwa, akapita chini yake polepole.